Barakoa ya Alhamisi

Ukutani mwa chumba cha kufulia, hapa Nansio,
nimepigilia misumari mitano.
Kila msumari na bahasha yake ya kaki,
kila bahasha na siku yake kwa wino mzito:
Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.
Jumamosi na Jumapili hazikupata barakoa.
Siku hizo, aliandika Malima wa stoo,
tumieni busara.

Mimi si muuguzi. Mimi ni wa ndoo.
Jiki ikizidi, macho yangu yanajua kabla ya pua.
Za kitambaa huja kwangu,
nazichemsha, nazisuuza, naanika kamba ya pili,
mbali na dagaa wa mama Kagoro,
maana upepo wa ziwa hauheshimu ua,
na Sista Nkwimba alishanisuta:
"Nyamizi, leo nimepumua dagaa zamu nzima."

Hizi za misumarini, zenye mdomo wa bata,
hazifuliwi. Zinapumzishwa.
Siku saba gizani, kirusi kife njaa.
Usishike mbele, shika mpira.
Usiishushe kidevuni kama ndevu za kuazima.
Nawa kabla. Nawa baada.
Nimeyasema haya mpaka mwanangu wa miaka minne
anamfundisha mbuzi.

Magauni ya kujikinga yaliisha kabla ya masika.
Tukashuka mwaloni kuomba makoti ya mvua,
yale ya njano wanayovaa wavuvi wa dagaa,
magumu kama bati, yananuka mafuta ya taa.
Watatu walivua wakatupa.
Wa nne akauliza,
"Na mimi mvua ikinikuta huko Ukara?"
Hatukuwa na jibu.
Tukamwachia lake.

Nkwimba aliingia wodini na koti hilo
likikwaruza kila hatua, mikono imekunjwa mara tatu.
Bibi Nyanjula akafumbua jicho moja:
"Leo umeniletea nini, sato au sangara?"
Akacheka,
kisha kikohozi kikamnyang'anya kile kicheko
na hakikumrudishia.

Kijiti kinaingia puani
mpaka pale machozi yanapolala.
Kinavunjwa, kinazama kichupani, kichupa kinaandikwa jina.
Alichukuliwa bibi, akachukuliwa Malima,
nikachukuliwa na mimi, maana shuka zake nilizifua mimi,
na glavu zangu zilikuwa mifuko ya sukari.

Barafu tuliipata kwa wanunuzi wa sangara.
"Chukueni," walisema, "lakini boksi lisirudi hapa."
Likapanda meli ya asubuhi,
likavuka maji yote yale hadi Mwanza,
kisha barabara, kisha maabara
ninayoiwazia kuwa nyeupe sana
na kila mtu ana glavu za saizi yake.

Majibu yalirudi siku ya kumi na moja.
Bibi Nyanjula: anao.
Tulikuwa tumemzika siku ya sita,
watu wanane, kwa umbali wa mikono,
na mwanawe akiuliza kila mmoja wetu
kama aliuawa na hiki au na kingine.
Ile karatasi niliikimbiza kwake mwenyewe.
Aliisoma, akaitazama nyuma,
labda pana zaidi.

Jina langu lilikuwa la mwisho, chini ya muhuri.
Halikusema ninao, halikusema sina.
Liliandikwa:
*Sampuli ilifika ya moto. Rudia.*

Nikaikunja nikaitia sidiriani.
Vijiti vilikuwa vimekwisha tangu Jumatatu.
Nikarudi kwenye ndoo.

Alfajiri ile Nkwimba alinyoosha mkono,
msumari wa nne.
Akashika mpira, si mbele.
Akavaa, akabana pua, akapumua mara mbili
akisikiliza pembeni kama panavuja.
"Majibu yako?" akaniuliza.
Nikamwonyesha kamba ya pili:
vitenge thelathini na viwili, vimejaa upepo,
vinapumua vyenyewe.
"Vimekauka," nikasema.